UZI: Milkisheki ya pipi nyumbani. Yeyusha pipi kwanza, barafu weka pembeni

#1 BiMaziwa (Sakina, Arusha)

Wakuu, habari za Jumamosi.

Kila mtu akiuliza milkisheki ya pipi inatengenezwaje, majibu ni yale yale: tupia pipi kwenye blenda, weka maziwa, weka barafu, washa. Hapana jamani. Ukifanya hivyo unapata maji ya rangi juu na mchanga wa pipi chini, na visu vya blenda vinaanza kupoteza makali. Kinywaji hiki kina utaratibu wake, na nimeona niuandike wote mahali pamoja. Watoto wa mtaa wetu wanakipenda sana, na mimi mwenyewe ukiniwekea soda na milkisheki ya tofi siulizi mara mbili.

Jambo kubwa ni moja: pipi iyeyuke kwanza, ipoe kabisa, ndipo ikutane na aiskrimu.

Pipi ngumu ni sukari na glukosi iliyochemshwa mpaka nyuzi joto 150 hivi za selisiasi, maji yakaisha karibu yote, ikapozwa ikakauka kama kioo. Kitu kikavu na kigumu namna hiyo hakiyeyuki kwa sekunde thelathini ndani ya maziwa ya baridi, hata blenda yako iwe na nguvu kiasi gani. Inavunjika vipande vidogo tu. Lakini kwenye maziwa ya moto inalainika yenyewe, na unapata shira yenye ladha na rangi ya pipi. Shira hiyo ndiyo roho ya milkisheki.

Naanza na ya tofi kwa sababu haikatai mtu. Vipimo vya glasi mbili:

Tofi 8 za kawaida za dukani kwa Mangi, zile laini za maziwa. Maziwa nusu kikombe cha chai kwa ajili ya shira, na mengine robo kikombe yakae kwenye friji. Aiskrimu ya vanila mabonge manne makubwa. Chumvi, ile inayoshikika kwa vidole viwili tu.

Menya tofi, zikatekate kwa kisu. Weka maziwa nusu kikombe kwenye sufuria ndogo, moto mdogo kabisa, na tofi zako ndani. Sasa hapa usiondoke. Dakika mbili tatu za mwanzo utaona hakuna kinachotokea, tofi zimelala chini tu. Halafu kingo zinaanza kuwa na ukungu wa kahawia, michirizi inapanda kwenye maziwa, na ukikwangua chini kwa mwiko unasikia zinanata. Endelea kukoroga taratibu, mwiko uguse chini muda wote, kwa sababu tofi ina sukari na mafuta na ikikaa sehemu moja inaungua, na ladha ya kuungua haitoki tena. Maziwa yasichemke, mvuke unatosha. Yakishakuwa ya rangi moja, kama chai ya maziwa nzito, na mwiko ukiuinua hauna punje, epua. Weka ile chumvi. Chuja kama kuna vipande vilivyobaki.

Halafu subiri. Acha ipoe mezani, kisha iingie kwenye friji saa moja au mbili. Shira ya vuguvugu ikikutana na aiskrimu, aiskrimu inayeyuka yote na umebaki na maziwa matamu ya kunywa na andazi.

Ikishakuwa baridi: mimina kwenye blenda shira, yale maziwa robo kikombe, halafu aiskrimu juu. Vimiminika vinatangulia chini ili visu vipate kuzunguka. Washa sekunde 15 mpaka 20, zima, sukuma kwa kijiko kile kilichoganda pembeni, washa tena kidogo. Basi. Ukiblenda dakika nzima unaipasha moto mwenyewe.

Usionje shira ikiwa ya moto ukasema imezidi utamu, ukaongeza maziwa. Ubaridi unapunguza utamu ulimini. Shira iliyokuwa tamu mno jikoni inakaa sawa ikiwa baridi.

Na barafu sitaki kuiona. Barafu ni maji, ikiyeyuka inapunguza kila kitu ulichokihangaikia.

Karibuni maswali.

#2 Chalii_wa_Ngarenaro

Natia timu mapema. Dada shukrani, ila mbona umeanza na aiskrimu? Sisi wengine tuna friji ile ya mlango mmoja, kwa juu kuna kisehemu kidogo cha kugandishia, aiskrimu ikilala humo asubuhi ni uji. Na bei yake unaijua. Hakuna namna ya mtu wa kawaida?

#3 BiMaziwa

Namna ipo mdogo wangu, na ni nzuri.

Chukua maziwa freshi yaliyochemshwa na kupoa, changanya na maziwa ya unga vijiko vikubwa vitatu kwa kila kikombe kimoja, koroga yasiwe na madonge, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha usiku kucha. Yale maziwa ya unga yana kazi: yanapunguza maji kwenye mchanganyiko, hivyo vipande vinavyoganda haviwi vigumu kama barafu, na milkisheki inakuwa nzito.

Pili, ndizi. Kisukari zilizoiva mpaka zina madoadoa, menya, kata vipande, gandisha. Ndizi mbili kisukari kwa glasi moja. Ndizi iliyoganda ikipigwa kwenye blenda inakuwa laini kabisa, unaweza kudhani kuna krimu ndani. Inakwenda vizuri sana na tofi na pipi za chokoleti. Kwa pipi za mnanaa sikushauri, ladha zinagombana.

Kwa hiyo: trei moja ya vipande vya maziwa, ndizi mbili, shira yako ya tofi, maziwa ya baridi kidogo kidogo mpaka blenda izunguke. Kwenye kisehemu chako kidogo hivyo vyote vinaenea.

#4 Chalii_wa_Ngarenaro

Hapo umenimaliza. Kisukari zipo kwa mama hapo sokoni Kilombero, naenda.

#5 MamaMapacha

Dada BiMaziwa, mimi wanangu hawapendi tofi, wanapenda zile pipi za limau na machungwa, zile chachu. Jirani yangu kazifanya hivyo hivyo unavyosema kwenye maziwa ya moto, maziwa yakakatika, yakawa vipande vipande kama jibini na maji ya njano. Maziwa yalikuwa ya asubuhi ile ile. Shida ni nini?

#6 Fundi_Maziwa (Tengeru)

Mama Mapacha, naomba nimsaidie mleta uzi hapa maana nafanya kazi na maziwa.

Shida si maziwa. Angalia karatasi ya ile pipi chachu, utakuta imeandikwa asidi ya sitriki, mara nyingi kwa namba E330. Ndiyo inayoleta ule uchachu. Protini kubwa ya maziwa, kaseini, inaelea vizuri maziwa yakiwa na pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6.6 au 6.7 hivi. Asidi ikishusha pH kufika 4.6, kaseini inashikana na kuzama, maji yanabaki peke yake. Na maziwa yakiwa ya moto hayasubiri hata kufika huko, yanakatika mapema zaidi. Pipi chachu nane ndani ya nusu kikombe cha maziwa ya moto ni kama kukamulia ndimu.

Kwa pipi za namna hiyo, shira itengenezwe kwa maji. Robo kikombe cha maji, pipi zilizopondwa, moto mdogo mpaka ziishe, ipoe, iingie friji. Halafu usiipeleke kwenye maziwa freshi, ipeleke kwenye mtindi. Mtindi umeshaganda kwa asidi ya bakteria wenyewe, asidi ya pipi haina cha kukata tena. Ukishaupiga na blenda ni laini tu.

#7 BiMaziwa

Fundi asante sana. Na mtindi wa huku kwetu ulivyo mzito, hiyo milkisheki ya limau inasimama yenyewe kwenye glasi. Naongeza vipimo: mtindi mzito wa baridi kikombe kimoja na nusu, ndizi moja kisukari iliyoganda, shira ya pipi nane za limau. Mama Mapacha, usiongeze sukari. Wape wanao, utaniambia.

Ubuyu ule wa rangi nyekundu nao uko kundi hili hili, kwa sababu mbuyu wenyewe una uchachu wake. Chemsha ubuyu kwa maji kidogo mpaka ile sukari ya nje na unga wote utoke kwenye mbegu, chuja kwa chujio la chai, tupa mbegu. Usithubutu kupeleka mbegu za ubuyu kwenye blenda. Shira yake kwenye mtindi ina rangi nzuri kuliko rangi yoyote ya kununua.

#8 Dada_Rau (Moshi)

Naomba na mimi nichangie kutoka huku chini ya mlima.

BiMaziwa, wewe uko Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mwezi wa saba mnavaa masweta. Sisi Moshi mjini hatufiki mita 1,000, na Januari na Februari joto lake mnalijua mliowahi kushuka stendi saa nane mchana. Hiyo milkisheki yako ya glasi, huku ukitoka jikoni kwenda sebuleni imeshakuwa maziwa. Kwa hiyo wenzangu wa Moshi zingatieni yafuatayo.

Vikombe vya stili visivyo na mapambo, vile vya kunywea maji, viweke kwenye friza saa moja kabla. Stili inapoa haraka na inakuja mezani na ukungu wake. Jagi la blenda nalo, kama linatoka kwenye mota, liingie friji. Na maziwa yale robo kikombe ya BiMaziwa mimi napunguza nusu, naanza nzito sana kwa sababu najua joto litaifikisha pale pale.

Halafu nina yangu ninayotaka muijaribu: kashata ya karanga. Wengi mnawaza pipi za kiwandani tu, wakati kashata ni sukari iliyopikwa ikawa kahawia pamoja na karanga zilizokaangwa, na hiyo ladha ya sukari ya kahawia ndiyo watu wanaitafuta kwenye karameli za gharama.

Chukua kashata mbili za ukubwa wa kiganja cha mtoto. Twanga kwenye kinu, si lazima ziwe unga, zikishakuwa kama chenga za mchele inatosha. Mwagia maziwa ya moto nusu kikombe, funika, acha robo saa. Ukifunua utakuta sukari yote imehamia kwenye maziwa, yana rangi ya asali, na karanga zimevimba zimekuwa laini. Acha ipoe, friji, halafu yote pamoja na karanga zake kwenye blenda na aiskrimu ya vanila. Mafuta ya karanga yanaifanya nzito bila kuongeza kitu. Juu nyunyiza chenga kavu kidogo za kashata uliyobakisha.

Kashata ya nazi pia inafaa ila chuja, maana machicha yanaziba mrija.

Mwenye mgeni asiyekula karanga amuulize kabla. Watu wengine karanga inawaletea madhara makubwa.

#9 MamaMapacha

Kashata! Dada Rau hapo nimeshika kalamu.

#10 Abuu_Kijenge

Assalaam aleikum wanajukwaa. Uzi mzuri. Nina maswali mawili.

La kwanza, pipi za jeli, zile laini za kuvutika zenye maumbo ya wanyama, zinafaa? La pili, nilionja mahali milkisheki ya ladha ya bigijii, ya bluu. Watoto wanaitaka. Naweka bigijii ngapi?

#11 BiMaziwa

Waaleikum salaam kaka Abuu.

Bigijii usiweke hata moja! Ile sehemu ya kutafuna haiyeyuki kwenye maji wala kwenye maziwa, wala moto haiisaidii. Italainika, itashika visu, itashika mpira wa chini ya jagi, na kuitoa ni kazi ya jioni nzima. Uliyoonja imetengenezwa kwa esensi ya ladha ya bigijii na rangi ya chakula. Chupa ndogo za ladha hizo zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Matone mawili au matatu kwa glasi mbili, na anza na mawili, kwa sababu ikizidi inakuwa kama dawa ya meno. Hapo utamu unatoka kwenye maziwa ya kopo yale mazito, vijiko viwili. Ukitaka watoto waone bigijii yenyewe, iwekwe mezani pembeni ikiwa na karatasi yake.

Za jeli zinayeyuka vizuri kwenye kimiminika cha moto, ila nyingi zimepakwa unga wenye uchachu kwa nje, kwa hiyo zisugue na uzisuuze au fuata njia ya maji ya Fundi. Shira yake ikipoa inaganda kidogo, usishtuke, blenda itaivunja.

#12 Fundi_Maziwa

Inaganda kwa sababu ya jelatini. Na kwa Abuu hili ni muhimu: jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, inaweza kuwa ng'ombe na inaweza kuwa nguruwe. Soma karatasi. Kama imeandikwa jelatini tu bila kusema ya nini na hakuna alama ya halali, iache. Zipo pipi za jeli zinazotumia pektini, ambayo inatoka kwenye matunda, hizo hazina tatizo hilo. Zile pipi nyeupe laini kama pamba wanazochoma kwenye moto nazo kwa kawaida zina jelatini.

#13 Abuu_Kijenge

Allah awalipe kheri. Hili la karatasi ya pipi nitalifanyia kazi, na nitawaambia na jamaa wa dukani.

#14 Nesi_Pasua (Moshi)

Habari wapendwa. Sikuja kuharibu raha ya mtu, nimekuja kwa sababu mmesema watoto.

Moja. Pipi ngumu moja ina gramu 4 mpaka 6 hivi na karibu yote ni sukari. Tofi nane kwa glasi mbili ni nne kila mtu, hapo ni kama gramu 20 za tofi, nyingi yake sukari, bado sukari ya aiskrimu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikishuka chini ya gramu 25 ni vizuri zaidi. Mtoto anahitaji nishati ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo na kiwango chake kinashuka. Milkisheki ya pipi iwe ya siku maalumu na kikombe kiwe kidogo.

Mbili, na hili ndilo linanifanya niandike. Watoto wadogo, wa chini ya miaka mitano, wasipewe iliyonyunyiziwa vipande vya pipi ngumu. Kipande kinavutwa na mrija, kinafika kooni mtoto akiwa anacheka. Kwa wadogo iwe shira tu, imechujwa, na wanywe kwa kikombe wakiwa wamekaa.

#15 BiMaziwa

Nesi, asante kwa yote mawili. Hilo la vipande nalitilia mkazo: wenye watoto wadogo, mapambo weka kwenye vikombe vya wakubwa tu. Na kikombe cha mtoto kwangu ni kile kidogo cha chai.

Kuhusu kuponda pipi za mapambo, kwa kuwa mifuko ya plastiki iliondolewa tangu Juni 2019, funga pipi kwenye kitambaa safi cha pamba, kunja mara mbili, gonga kwa mchi au kwa mti wa kusukumia chapati. Pipi iliyopondwa inavuta unyevu wa hewani, ikikaa wazi inashikamana, kwa hiyo ponda siku hiyo hiyo au hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Mdomo wa kikombe chovya kwenye maziwa mazito ya kopo, zungusha kwenye zile chenga, na ufanye hivyo mwisho kabisa, ukiwa umeshablenda. Ukiutangulia, chenga zinaanza kulia rangi kabla milkisheki haijamiminwa.

#16 Mzee_Machame

Nawasoma wanangu. Mnasema pipi, pipi, na mimi nasema maziwa. Kinywaji hiki ni maziwa kabla ya kuwa kitu kingine.

Huku mlimani ng'ombe anafugwa bandani, anakatiwa majani ya mgomba na nyasi, na maziwa yake ni mazito. Akina mama wa Nronga, hapa wilayani Hai, waliungana mwaka 1988 wakaanzisha ushirika wao wa maziwa, na mpaka leo jina lao linajulikana mpaka mjini. Kwa hiyo mtu wa Moshi au Arusha kutumia maziwa mepesi yaliyoongezwa maji ni kujinyima. Ukipata maziwa mazima, chemsha, acha yapoe usiku kucha, asubuhi engua malai ya juu. Vijiko vitatu vya malai hayo kwenye milkisheki ya kisukari na tofi, aiskrimu hutaikumbuka.

Lakini chemsheni. Msidanganywe na mtu kwamba maziwa mabichi yana ladha zaidi, na kwa kuwa yataingia kwenye baridi basi ni salama. Baridi haiui vijidudu. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinapita kwenye maziwa mabichi.

#17 BiMaziwa

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli. Nimeishi na watu wanaohangaikia chapa ya pipi ya nje huku maziwa yao ni ya maji. Maziwa ya pakiti nayo yanafaa, ila chagua yale ambayo hayajapunguzwa mafuta.

#18 Mzee_Machame

Marahaba mwanangu.

#19 Chalii_wa_Ngarenaro

Mrejesho wakuu. Ya kisukari na tofi imetoka, nzito mpaka mrija umesimama. Washkaji wawili walikuwepo geto, mmoja ananiuliza hii kitu ilianzia wapi. Kuna anayejua?

#20 Fundi_Maziwa

Marekani. Jina lenyewe lilianza kuandikwa huko miaka ya 1880, na wakati huo ilikuwa maziwa, mayai na pombe kali, kinywaji cha watu wazima. Baadaye ikawa maziwa na shira ya chokoleti au vanila. Mwaka 1922 Ivar Coulson, mfanyakazi wa duka la Walgreens mjini Chicago, akaongeza mabonge mawili ya aiskrimu ya vanila kwenye kinywaji cha maziwa ya kimea, na hapo ndipo ikaanza kuwa hii nzito tunayoijua. Mwaka huo huo Stephen Poplawski naye alikuwa ameshabuni blenda ya umeme kwa ajili ya vinywaji hivyo hivyo.

#21 Chalii_wa_Ngarenaro

Kumbe blenda ilizaliwa kwa kazi hii hii. Safi sana.

Ila dada, kwa heshima, barafu nayo ina faida. Mchana wa jua unataka kitu cha kukata kiu, na ile nzito haikati kiu.

#22 BiMaziwa

Mdogo wangu, hapo tunatofautiana na sirudi nyuma. Mwenye kiu anywe maji ya baridi, au juisi ya ukwaju ina mahali pake. Milkisheki inakaliwa, inanyweka polepole. Ukitaka iwe nyepesi ongeza maziwa, usiongeze maji yaliyoganda.

Pipi pekee zinazoleta hali ya kuburudisha bila barafu ni za mnanaa. Menthol iliyomo inaamsha vihisio vya baridi mdomoni, kwa hiyo ulimi unahisi baridi kuliko ilivyo. Pipi sita za mnanaa, zile nyeupe zenye mistari myekundu au zile za kijani, yeyusha kwenye maziwa kama tofi, halafu kijiko kimoja cha kakao kwenye blenda. Pipi za kifua acha, zina dawa na ukali wake unakaa kooni.

#23 Dada_Rau

Mnanaa na kakao, naunga mkono kwa mikono miwili. Kwa Moshi Februari hiyo ndiyo yenyewe.

#24 MamaMapacha

Nimerudi. Ya limau na mtindi wamekunywa wakalamba na kijiko! Haikukatika hata chembe.

Sasa nina jambo. Mapacha wanatimiza miaka minane Jumamosi ijayo, watakuja watoto 12. Blenda ni moja, umeme wa mtaani kwetu hauaminiki, na sitaki siku hiyo nikae jikoni wakati wenzangu wanaimba. Nipangie dada.

#25 BiMaziwa

Hongera kwa mapacha! Hebu tupange.

Watoto 12, kila mmoja kikombe kidogo cha mililita 150, jumla lita 1.8. Vile vipimo vya glasi mbili vinatoa kama mililita 450, kwa hiyo unahitaji mizunguko minne ya blenda. Hiyo ni tofi 32, aiskrimu lita 1.2, maziwa lita 0.6 kwa shira na ya kuongezea. Kila mtoto anapata chini ya tofi tatu, Nesi atatuelewa.

Alhamisi usiku pika shira yote kwa pamoja kwenye sufuria pana, ipoe, ifunike, friji. Hiyo inakaa siku tatu bila shida. Ijumaa ipime kwenye vikombe vinne, mzunguko mmoja kikombe kimoja, ili Jumamosi usipime kitu.

Aiskrimu inunue Ijumaa, iweke ndani kabisa ya friza, si mlangoni. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda. Umeme ukikatika usifungue. Friza iliyojaa inaweza kushika baridi saa 48 mlango ukiwa umefungwa, ya nusu kama saa 24. Lakini kama aiskrimu imeshayeyuka ikawa maji, usiigandishe tena uwape watoto. Kwa tahadhari gandisha pia kisukari na vipande vya maziwa, viwe akiba.

Jumamosi toa aiskrimu dakika tano kabla, ipate kukatika kwa kijiko. Blenda mzunguko wa kwanza, mimina vikombe vitatu, mwite mtu avipeleke. Kati ya mzunguko na mzunguko ipumzishe blenda dakika moja, zile ndogo mota inachoka haraka. Mizunguko minne na mapumziko yake haifiki robo saa. Fanya kabla ya keki, watoto wakiwa wameshakaa, maana baada ya keki wanaanza kukimbia.

Na ukikosa umeme kabisa saa ile ile, chukua chupa ya plastiki ya mdomo mpana yenye mfuniko unaobana, weka shira, maziwa na aiskrimu iliyolainika, usijaze zaidi ya nusu, funga kwa nguvu, mpe baba yao atikise dakika mbili. Itakuwa nyepesi kidogo kuliko ya blenda, ila ladha ni ile ile.

#26 MamaMapacha

Baba yao nimemsomea, amekubali kutikisa. Naenda kununua tofi.